Kompaila ipi ya C inafaa kufundishia mwaka wa kwanza, na niipimeje?

Mwl_Kihesa, Jumapili saa 2:14 usiku

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhadhiri msaidizi, nipo Nyanda za Juu Kusini, nafundisha Utangulizi wa Programu mwaka wa kwanza. Lugha ni C. Mkuu wa idara amenikabidhi kazi: kabla muhula haujafunguliwa nimwandikie ripoti ya kurasa nne, tutumie kompaila gani (programu inayotafsiri msimbo wa C uwe programu inayoendeshwa na kompyuta) na kwa nini. Siku ya tatu leo nimekaa na karatasi tupu, nikaona nije niwaulize wenye uzoefu.

Kisa kilichotufikisha hapa ni hiki. Tangu mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi hapo hapo, maabara inatumia Turbo C++ ya Borland, ile ya kioo cha bluu. Windows za biti 64 haziwezi kuendesha programu za biti 16, kwa hiyo tunaifungulia ndani ya DOSBox, programu inayoiga mashine ya DOS. Mwaka jana wiki ya sita niliwapa zoezi la faktoria. Binti mmoja alilifanya nyumbani kwa kaka yake kwenye kompaila nyingine, akapata faktoria ya 8 kuwa 40320. Maabara, programu ile ile, herufi kwa herufi, ikampa -25216. Akanyoosha mkono mbele ya wenzake zaidi ya mia akauliza: "Mwalimu, ipi ni sahihi?"

Nilimweleza kwamba kwenye Turbo namba aina ya int ina biti 16, mwisho wake ni 32,767, ikizidi hapo inazunguka na kuwa hasi. Maelezo ni sahihi. Lakini niliona nyuso zao. Walichoondoka nacho ni kwamba kompyuta ya chuo inadanganya.

Mazingira: mashine 48, nane kati ya hizo ni kuukuu za biti 32 zenye RAM ya GB 2. Intaneti ipo ila usiitegemee. Umeme hukatika. Wanafunzi wengi hawana laptopu, wana simu. Mtaala umeshapitishwa, C haitoki.

Kinachonisumbua hasa si jina la kompaila. Nimesoma ulinganisho mwingi mtandaoni na karibu wote unapima kasi: hii inatoa programu inayokimbia kwa asilimia kadhaa zaidi ya ile. Mwanafunzi wangu anajumlisha namba kumi! Kasi itamsaidia nini? Nipime nini?

Chaka_la_Kodi, Jumapili saa 2:51 usiku

Mkuu, ushauri wangu mfupi: pigania Python. Tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021 ujumbe wake wa makosa umekuwa wa kibinadamu. Ukisahau kufunga mabano inakwambia mabano haya hayakufungwa, na inakuonyesha yalipofunguliwa. Zamani ilikuwa inalalamikia mstari unaofuata. Najua umesema mtaala umepita, lakini mitaala hupitiwa tena, na ripoti yako ndiyo mahali pa kuanzia.

Ikishindikana, GCC, kompaila ya mradi wa GNU. Bure, ipo kila mahali, wanaitumia kazini.

Nuktamkato, Jumapili saa 4:05 usiku

Mwalimu Kihesa, pole na kazi. Nimesimamia maabara ya programu miaka 14 sasa, nianze kwa kusema swali lako la mwisho ndilo swali. Nimeona idara zikichagua kompaila kwa sababu "ndiyo ya kisasa" au kwa sababu mkuu wa maabara ameizoea, na aliyeulizwa mwisho ni yule mtoto wa mwaka wa kwanza ambaye ndiye atakayekaa mbele yake saa tatu kila wiki.

Programu iliyo sahihi haikuonyeshi tofauti ya kompaila. Zote zitaipitisha. Tofauti inaonekana kwenye programu mbovu, kwa hiyo pima kwa programu mbovu. Mimi nina kaunta buku. Muhula mzima nilikuwa nikipita kati ya madawati, na kila mwanafunzi aliyenyoosha mkono nilinakili kosa lake kabla sijamsaidia. Mwisho wa muhula nilikuwa na makosa 212, na ukiyapanga, mengi mno yanaangukia aina saba au nane. Nikaandika programu mbovu moja kwa kila aina, nikaipitisha kwenye kila kompaila niliyoweza kuipata, nikajaza: imesema nini, imeonyesha mstari upi, na mwanafunzi ambaye hajawahi kuiona ametumia dakika ngapi kuirekebisha. Safu hiyo ya tatu usiiache. Ndiyo iliyonibadilisha mawazo.

Nikupe mfano mmoja kwa undani kwa sababu una mafunzo mengi. Mwanafunzi anaandika `if (alama = 50)` akiwa na maana ya kulinganisha. Ukiwasha -Wall (chaguo linalowasha maonyo mengi), GCC inatoa onyo linalomshauri aweke mabano kuzunguka hilo tendo la kupachika thamani. Nilikaa nyuma ya kijana mmoja nikimtazama. Akasoma polepole, mdomo ukitembea. Akaongeza mabano, ikawa `if ((alama = 50))`. Onyo likatoweka. Akageuka kuniangalia, anatabasamu, amefuata alichoambiwa. Na programu yake bado inampa kila mtu alama 50. Mwalimu, siku ile niliumia. Yule mtoto hakukosea kusoma, kompaila ilizungumza na mtu mwingine, mtu anayejua tayari kwa nini angetaka kupachika thamani ndani ya if.

Clang, kompaila nyingine ya bure, kwenye kosa hilo hilo inaonya hata bila kuwasha chochote, na inatoa mapendekezo mawili: weka mabano kama ulikusudia kupachika, au tumia == kama ulitaka kulinganisha. Wanafunzi sita kati ya saba niliowapa walichagua la pili. Na kwa haki, hiyo Turbo yako ya kioo cha bluu inasema tu kwamba huenda upachikaji huu si sahihi, "Possibly incorrect assignment", na kwangu hayo maneno matatu ni bora kuliko ushauri wa GCC. Usiiandike vibaya kwenye ripoti kwa sababu ni kongwe. Iandike vibaya pale inapostahili.

Inapostahili ni hapa: `scanf("%d", x)`, wamesahau alama inayoiambia scanf, funksheni ya kusoma namba, iiweke wapi, yaani &. Hili ndilo kosa lililojaa zaidi kwenye daftari langu. Turbo inaweza kulalamika kwamba x inatumika kabla haijapewa thamani, lakini kuhusu & hainyanyui mdomo, na kwa kuwa DOS haina ulinzi wa kumbukumbu, namba inaenda kuandikwa mahali popote. Wakati mwingine mashine inaganda, wakati mwingine inaonekana kama imefanya kazi, na hiyo ni mbaya zaidi. Clang inaonya papo hapo. GCC inaonya ukiiwashia -Wall, na ndiyo maana nasema usipime kompaila ikiwa uchi, pima kompaila pamoja na amri utakayowapa. Wape amri moja ndani ya faili, wasiwe wanaiandika kwa mikono.

Nuktamkato iliyosahaulika (ndilo jina langu hapa, mjue limetoka wapi): angalia *mstari* unaoonyeshwa. GCC za zamani, kama ile 4.9.2 inayokuja ndani ya Dev-C++ 5.11 (programu ya kuandikia msimbo kwenye Windows), zinaelekeza kwenye neno la mstari unaofuata. Mtoto anaona kidole kinaonyesha `return`, anaifuta `return`. Kuanzia GCC 8 ya mwaka 2018 kidole kinaonyesha mwisho wa mstari wenye kosa. Kompaila ile ile, matoleo mawili, kwa mwanafunzi ni walimu wawili tofauti. Kwa hiyo kwenye ripoti usiandike "GCC" tu, andika toleo.

Na toleo lina mtego mwingine. GCC 14 ya mwaka 2024 imegeuza maonyo kadhaa kuwa makosa kamili. Ukiita funksheni bila kuitangaza wala kuweka faili la kichwa chake (header), toleo la zamani linakuonya na kuendelea, jipya linakataa. Clang ilifanya hivyo mapema kidogo, toleo la 16. Binafsi nashangilia hilo, lakini mwanafunzi akiwa na jipya nyumbani na la zamani maabara, utarudi kwenye swali la yule binti wa 40320.

Kuvuka mpaka wa arei (array, safu ya thamani zenye namba). Ana arei ya alama tano, zinazohesabiwa 0 hadi 4, kitanzi kinakwenda mpaka `i <= 5`. Hapa karibu kompaila zote zinanyamaza, na wastani unatoka na takataka. Tiba ipo, ni `-fsanitize=address -g`, kwa Clang na kwa GCC. Programu ikigusa nje ya arei inasimamishwa na unaambiwa mstari. Ila GCC ya MinGW, ile ya kutumia kwenye Windows, haina kitu hicho. Kwangu mimi hii peke yake ilitosha kuhamisha maabara kwenda Linux.

Kigeu ambacho hakijapewa thamani ya mwanzo: ukitumia GCC ongeza -O1 (ngazi ya kwanza ya kuboresha programu), maana bila hiyo inaweza kukaa kimya pale jumla inapoanzia ndani ya kitanzi. Clang haihitaji hilo.

Kuna kosa ambalo hakuna hata moja itakayokusaidia: `5/9 * (f - 32)`, kubadili nyuzijoto. Jibu ni sifuri kila mara, kwa kuwa 5/9 kwa namba kamili ni 0, na -Wall ya GCC na ya Clang hazisemi neno. Hilo litenge, lifundishe mwenyewe ubaoni, mapema.

Mtu akikwambia kwamba kuchagua kompaila kwa kuangalia makosa ya wanafunzi ni kudekeza watoto, mwambie jambo hili lina umri mkubwa. Mwaka 1965 pale Waterloo, Kanada, wanafunzi waliandika WATFOR, kompaila ya Fortran ya mashine ya IBM 7040, kwa ajili hasa ya kazi za wanafunzi: itafsiri haraka, iendeshe hapo hapo, na ieleze kosa vizuri. Ilikamata hata kigeu kilichotumika kabla hakijapewa thamani. Cornell nao wakawa na PL/C, ambayo ilijitahidi kurekebisha makosa ili mwanafunzi asirudi mikono mitupu baada ya kusubiri zamu ya mashine. Niklaus Wirth alipoitoa Pascal mwaka 1970 kufundishia kulikuwa sehemu ya nia yake tangu mwanzo. Waliojua thamani ya saa moja ya mashine walijua pia thamani ya ujumbe wa kosa. Maabara yako yenye mashine 48 na umeme wa kukatika inafanana na yao kuliko unavyodhani.

Bwana Chaka, Python naipenda na nimeifundisha. Lakini mwenzetu ameuliza afanye nini muhula ukifunguliwa Novemba.

Kijana_wa_Pangani, Jumatatu saa 12:40 asubuhi

Naongezea kama mtu aliyekuwa upande wa pili wa dawati. Nilisoma kwa Turbo miaka miwili. Nilikuwa wa tatu darasani. Nikapata usaili Nairobi, wakanipa kompyuta yenye Linux na saa moja. Nikaandika `void main`, nikaweka `conio.h` (faili la kichwa la enzi za DOS), nikamaliza na `getch()` ili kioo kisifunge. Kompaila ikaniambia conio.h haipo. Nilijua kitanzi, nilijua pointa, lakini dakika ishirini za kwanza ziliishia kutafuta faili ambalo huko halijawahi kuwepo. Kazi sikupata.

Simlaumu mwalimu wangu, alitufundisha kwa moyo. Ila Mwalimu, kwenye ripoti yako weka kipengele cha kile kinachobaki mikononi mwa mwanafunzi akishatoka getini.

Halafu simu. Usizidharau. Termux, programu ya kuandikia amri za Linux kwenye Android, ina Clang, unaandika `pkg install clang` na basi. Ichukueni F-Droid, duka la programu huria. Mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza, mazoezi yote kayafanya kwa simu na kibodi ndogo ya waya. Bando inaliwa siku ya kusakinisha tu, baada ya hapo hahitaji mtandao.

Mwl_Kihesa, baada ya wiki tatu, Jumamosi saa 10:22 jioni

Shikamoo mama Nuktamkato. Ahsanteni wote, nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi kwenye ujumbe wa faragha.

Sikuwa na muhula wa kukusanya makosa, hivyo nikachukua kazi za mwaka jana zilizobaki kwenye mashine, zile ambazo hazikupita. Nikapata programu mbovu tisa. Nikaomba wanafunzi kumi wanaosubiri kufungua chuo waje kwa siku mbili, soda na chapati juu yangu. Kila mmoja programu tisa, kompaila mbili, saa ya simu mezani.

Mabano ya kufungia ndiyo yaliyonifumbua macho. Ukisahau } ya mwisho, GCC kwenye C inasema ilitegemea tamko au sentensi mwishoni mwa faili. Mwishoni mwa faili hakuna kitu! Wanafunzi watatu walishuka mpaka mstari wa mwisho wakakaa wanautazama. Clang inasema inataka }, kisha inakuonyesha { ambayo haina mwenzake. Mmoja wao, kijana mkimya sana, aliweka kidole kwenye kioo juu ya ile { na kukishusha taratibu mstari kwa mstari mpaka mahali ilipokuwa imekosekana. Dakika moja na nusu. Kwenye GCC programu hiyo hiyo ilimchukua dakika kumi na moja mwenzake, na nina hakika hawapishani akili.

Uamuzi: Clang, ndani ya Linux. Mashine nane za biti 32 nimeziwekea Debian 12, kwa kuwa toleo la 13 halina tena kisakinishi cha biti 32. Clang yake ni ya 14, na ile ya kwenye simu ni mpya zaidi, kwa hiyo mtego wa matoleo alioutaja mama upo. Nimeuziba kwa kuweka `-Werror=implicit-function-declaration` kwenye faili la amri, ili zote zikatae kitu kimoja. Wenye laptopu za Windows ninawapa llvm-mingw (Clang ya Windows) kwa flashi, ni zip moja unaifungua tu. Antivairasi ya mashine mbili imefuta programu za wanafunzi mara tu zilipotafsiriwa, ikidhani ni virusi, hivyo nawafundisha kutenga folda ya mazoezi isikaguliwe.

Mkuu wa idara amesoma ripoti yote. Amekubali, kwa sharti kwamba Turbo ibaki kwenye mashine mbili kwa ajili ya wanaorudia mtihani. Ni sawa, walisoma kwa hiyo.

Jambo moja sikulitegemea. Katika wale kumi, wanne walikuwa wanaurekebisha msimbo bila kusoma ujumbe kabisa. Niliwauliza kwa nini. Mmoja akasema, "Mwalimu, Kiingereza chake si kile cha shuleni." Nimeangalia, ujumbe wa GCC umetafsiriwa kwa Kifaransa, Kijerumani, hata Kiindonesia na Kivietinamu. Basi nimeanza karatasi ya ukutani ya Kiswahili, ujumbe ishirini ninaokutana nao zaidi. Mfano, ule wa GCC, "expected ';' before 'return'", nimeandika: *Nilitegemea nuktamkato kabla ya neno return. Angalia mwisho wa mstari uliotangulia.*

Nimefika kumi na saba. Nimekwama kwenye "stack-buffer-overflow". Stack nimeiita rundo, buffer nimejaribu akiba, halafu sentensi nzima ikawa ngumu kuliko Kiingereza chenyewe. Ninyi mmeiwekaje?

Nuktamkato, Jumamosi saa 11:03 jioni

Marahaba mwanangu. Umefanya kazi nzuri, nimesoma mara mbili.

Sisi tumeandika hivi: *Umegusa nje ya arei. Soma namba ya mstari iliyo hapa chini, kisha angalia kitanzi chako kinaishia wapi.* Neno rundo nalifundisha wiki ya kumi. Siku anapokosea simpi neno jipya.

Nitumie hizo kumi na saba, nami nina kumi na mbili zangu, tuone zipi zinapishana. Na ile ya `if ((alama = 50))` iweke kwenye karatasi hata kama Clang imeisema vizuri, maana wapo watakaokutana na GCC huko mbele.